Verlustliste: Orodha ya Askari Waliopungua

Anayetafuta habari za babu Mjerumani aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza hukutana mapema na neno Verlustliste. Tafsiri ya neno kwa neno ni "orodha ya hasara", na kwa kuwa maneno hayo yananukia duka kuliko vita, ni rahisi mfasiri kukimbilia "orodha ya waliokufa vitani". Hapo ukoo mzima unapotezwa njia. Mtu aliyerudi kwao salama, akaoa na kuzaa, anaandikiwa kifo cha mwaka 1916, na kizazi chake kinaachwa kinaning'inia bila baba.

Verlust ni kupotewa au kupungukiwa, na anayepungukiwa hapa ni kikosi. Kombania iliyoingia vitani asubuhi ikiwa kamili, jioni ilihesabu nani hayupo. Aliyeuawa hayupo, aliyepigwa risasi ya mguu hayupo, aliyetekwa hayupo, na yule ambaye hakuna aliyemwona tena, naye hayupo. Wote waliripotiwa pamoja, na majina yao yakachapishwa pamoja kuanzia Agosti 1914 hadi mwaka 1919, katika kurasa zipatazo 31,000.

Kwa hiyo "waliokufa" halifai, na "majeruhi" linawaacha nje wafu na mateka. "Wahanga" linaleta hukumu ambayo karani wa jeshi hakuitia. Mimi nachagua "orodha ya askari waliopungua". Tunasema watu wamepungua kijijini, na hatujasema kama wamefariki au wamehama. Kitenzi hicho kinabeba kutojua kulekule kulikomo katika neno la Kijerumani.

Kujua yaliyompata kila mmoja ni kazi ya neno dogo lililo pembeni mwa jina. Mstari una jina la ukoo, jina la kwanza, kijiji na wilaya, kisha neno lenyewe: gefallen, ameuawa vitani; schwer verwundet, ameumia vibaya; leicht verwundet, ameumia kidogo; vermisst, hajulikani alipo; in Gefangenschaft, yuko mikononi mwa adui. Mara nyingi maneno haya hukatwa, yakabaki "verm." au "leicht verw." tu. Na usiishie kwenye mstari wa kwanza utakaoupata. Orodha hizi zilijisahihisha: aliyetajwa leo kuwa hajulikani alipo, baada ya miezi anatokea tena, safari hii ikisemwa kwamba alidhaniwa kapotea, kumbe ni mateka. Mtu mmoja anaweza kuonekana mara kadhaa, na ni mistari hiyo yote kwa pamoja inayokupa safari yake.

Mwanzoni majina yalipangwa kwa rejimenti na kombania. Kuelekea mwisho wa 1916 kikosi kikaacha kutajwa, kwa kuwa adui naye alikuwa msomaji, na majina yakaanza kufuata alfabeti. Kwenye orodha za baadaye utakuta pia siku na mwezi wa kuzaliwa, bila mwaka. Ukiwa na cheti cha ubatizo mkononi, hicho kidogo kinatosha kumtenga babu yako na wengine wenye jina kama lake.

Watu wa kujitolea wa chama cha Verein für Computergenealogie wameingiza zaidi ya majina milioni 8 katika kompyuta, na mtu yeyote anaweza kutafuta bila malipo. Ni kazi ya kushukuriwa sana. Ila maandishi ya zamani ya Kijerumani yana hila zake: K hufanana na R, B na V, na s ndefu huonekana kama f. Jina lisipotokea, libadilishe herufi hizo kabla ya kukata tamaa.

Ukishapata kikosi, unahamia kwenye Kriegsstammrolle, daftari la askari wa kombania, lenye kazi ya mtu, wazazi wake, vita alivyopigana na hospitali alizolazwa. Hapa bahati inategemea alikotoka. Madaftari ya Bavaria yapo München, na kumbukumbu za jeshi la Württemberg zipo Stuttgart. Ya Prussia, yaliyokuwa mengi kuliko yote, yaliteketea kwa mabomu Potsdam mwezi Aprili 1945. Kwa ukoo wa Kiprussia, basi, mara nyingi Verlustliste ndiyo karatasi pekee iliyobaki.

Kwa aliyepigana Vita Kuu ya Pili njia ni nyingine: kumbukumbu za ofisi ya WASt ya Berlin, iliyoanzishwa 1939 kuhesabu waliokufa na mateka, tangu 2019 ziko chini ya Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, na maombi hupelekwa huko kwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa.

Nawaomba wafasiri wa nyaraka za ukoo waliache lile neno "waliokufa". Nawe unayejaza shajara ya familia, usiandike mwaka wa kifo mpaka uwe umesoma neno lililo pembeni mwa jina.