Chonge, kuchonga, kuchongea

Lile jino refu la mbwa lililo pembeni, lenye ncha, Kiswahili kinaliita chonge. Fisi anazo, paka anazo, nyoka ana zake za sumu, na wewe msomaji unazo nne, mbili juu na mbili chini, kama bado uko nazo. Nasema kama bado uko nazo kwa sababu hapa Juba wazee wengi hawana za chini, na hiyo ndiyo historia nataka kuandika.

Neno lenyewe lina ndugu zake. Kuchonga ni kutoa ncha, kama unavyochonga penseli au mti wa kujenga ua. Kuchongea ni kumsema mtu vibaya kwa mwenye nguvu ili aumizwe. Nilikulia Kakuma, na kule shuleni mtoto wa kuchongea wenzake tulimwogopa kuliko mbwa wa polisi. Mbwa unamwona meno. Huyu mwingine anacheka na wewe.

Hapa kwetu mambo yalianza na jino la mnyama, si la mtu. Mwaka 1841 mashua za Misri, zikiongozwa na Salim Qapudan, zilifika Gondokoro, ng'ambo ya mto, karibu sana na mahali Juba iko leo. Wafanyabiashara waliofuata kutoka Khartoum walitaka kitu walichokiita sin el-fil, jino la tembo. Sisi Waswahili tunaliita pembe, kama la ng'ombe, na hapo Waarabu walituzidi, maana ni jino kweli. Tena si chonge, ni jino la mbele lililorefuka likatoka nje. Mwenye chonge za kutoka nje ni ngiri, lakini nani alivuka jangwa kwa ajili ya ngiri?

Februari 1863 Waingereza Speke na Grant walifika Gondokoro wakitembea kutoka upande wa Zanzibar, pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wenzake waliosema Kiswahili. Napenda kufikiria kwamba siku hiyo wale wa pembe na wale wa sin walikaa kwenye kivuli kimoja, wakazungumzia kitu kilekile. Biashara yao ilikuwa moja. Walijenga zariba, ngome za miiba, wakavamia vijiji, wakachukua ng'ombe ili wabadilishane na meno ya tembo, na watu wakachukuliwa pamoja na ng'ombe.

Ukimfanyia mtu hivyo unahitaji sababu ya kujiambia, na sababu ikatafutwa mdomoni mwake. Watu wa Azande walikuwa wanachonga meno ya mbele yawe na ncha. Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyetembea huko kati ya 1868 na 1871, aliandika kwamba waliyachonga ili wamshike adui mkono wakati wa mapambano. Khartoum waliwaita Niam-Niam, jina ambalo Schweinfurth anasema lilitoka kwa Wadinka, maana yake walaji wakubwa. Ulaya wakasikia walaji wa watu. Kumbe mtu anaweza kuchongwa jina likawa kali kuliko meno yake.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Ota Benga, kijana wa Congo. Meno yake yalichongwa akiwa mdogo, ni urembo wa kwao. Mwaka 1904 alipelekwa Marekani na Samuel Verner kwenye maonyesho ya St. Louis, magazeti yakasema anakula watu, naye akawa anatoza senti tano mtu akitaka kuona meno. (Huyo mimi namheshimu. Wangeangalia tu bure?) Septemba 1906 walimweka katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Wachungaji weusi wa jiji walipinga mpaka akatolewa. Baadaye, Lynchburg, Virginia, meno yake yalivishwa vifuniko ili afanane na wengine. Machi 1916 alivivunja vile vifuniko, kisha akajipiga risasi.

Sisi wengine tulikwenda njia tofauti. Wadinka na Wanuer hawakuchonga, waling'oa: meno ya chini ya mbele, mara nyingi sita, yaani pamoja na chonge zote mbili. Ukiuliza kwa nini, kila nyumba ina jibu lake. Ni ukubwa, ni uzuri, ni kutamka lugha vizuri, ni kutofanana na mnyama anayekula nyama mbichi. Wakimbizi wetu waliofika Nebraska walikuta watu wanawashangaa, na baadhi yao wakaenda kwa daktari kuwekewa meno ya bandia. Nikisoma hilo namkumbuka Ota Benga, ila hawa waliamua wenyewe, na mtu anayetafuta kazi ugenini siwezi kumlaumu. Hapa nyumbani Sheria ya Mtoto ya 2008 inakataza kumng'oa mtoto meno kwa mila. Sheria hiyo yenyewe ina meno kiasi gani, hilo ni swali lingine.

Sasa nije Gudele. Desemba 2013, vita vilipoanza Juba, wanaume wa Kinuer walikamatwa mitaani wakafungiwa katika jengo lililotumiwa na polisi hapahapa Gudele, wakapigwa risasi. Human Rights Watch waliandika kwamba waliouawa walikuwa kati ya 200 na 300. Watu waliulizwa lugha, waliangaliwa alama za paji la uso. Meno hayangesaidia kitu, maana mzee wa Kidinka na mzee wa Kinuer wakifungua mdomo pengo ni lilelile. Waliishi uzio kwa uzio, wakachota maji kwenye tangi moja. Palipo na msako wa namna hiyo kuchongea kunakuwa rahisi, kidole tu kinatosha, na wapo wanaoamini mpaka leo kwamba jirani ndiye alionyesha nyumba. Hawasemi kwa sauti. Lakini kijana akikataa kukaa timu moja na mwenzake, mara nyingi ukichimba unafika hapo.

Vijana ninaofanya nao kazi Jumamosi meno yao yote wako nayo. Wanawacheka babu zao, wanawaita vibogoyo, na babu wanacheka pia. Hilo halinisumbui. Mwezi uliopita mmoja alimwita mwenzake fisi, si kwa mchezo. Nikamwuliza kwa nini fisi. Akasema, "Si ndivyo wanaitwanga." Nikamwuliza nani anawaita. Akaangalia chini, kisha akaenda kusaidia kupanga viti, na yule mwenzake alikuwa upande ule mwingine wa benchi wakilibeba.