Mlaji Sukari wa Damuni

Ukitoka Sirisia kuelekea magharibi, msomaji, utavuka mpaka wa Uganda na kufika Tororo. Hapo, baada ya Vita Kuu ya Pili, palijengwa kituo cha Afrika Mashariki cha kuchunguza malale. Haukuwa uchunguzi wa anasa: kati ya 1900 na 1920 malale yaliua watu zaidi ya 200,000, hasa Busoga na kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1903 Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wa kijidudu chake.

Lakini kijidudu hicho hupataje nguvu? Wewe huivunja sukari mpaka mwisho kwa msaada wa oksijeni. Chenyewe, kikiwa damuni, huivunja nusu tu, kisha mabaki hukutupia wewe. Ni mlaji mbadhirifu sana, ila mbona ajibane, na ghala ni la mwenyeji? Mwaka 1977 Opperdoes na Borst waligundua kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika vifuko vidogo, glaikosomu, ambavyo mwili wetu hauna. Ndiyo maana watafuta dawa huvikodolea macho: kuzima jiko la mgeni bila kuzima la mwenyeji.

Kikinywewa na mbung'o, sukari huadimika. Hugeukia prolini, ambayo mbung'o mwenyewe huitumia kurukia.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya. Ng'ombe, hata hivyo, bado huugua nagana.