Mchango wa Kabla ya Kodi

Hati ya mshahara ya mfanyakazi wa Kenya ina makato mengi, na mpangilio wake una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Akiba ya chama cha ushirika hukatwa baada ya serikali kuchukua kodi yake. Mchango wa pensheni hutangulia: huondolewa kwenye mshahara kwanza, kisha kodi hupigiwa hesabu kwenye kinachobaki. Huo ndio mchango wa kabla ya kodi.

Wapo wanaouita “mchango usiotozwa kodi”, na wengine “msamaha wa kodi”. Siyapendi majina hayo kwa sababu yanaahidi jambo ambalo si kila sheria inalitimiza. Nchini Marekani, fedha zinazowekwa kabla ya kodi katika mpango wa akiba ya uzeeni wa 401(k) hutozwa kodi ya mapato mstaafu anapozichukua. Kodi yake iliahirishwa, haikufutwa. “Kabla ya kodi” hueleza hatua moja tu, ile ya kuweka, na hatua ya kuchukua huachiwa sheria ya nchi husika. Kenya yenyewe ilibadili hatua hiyo ya pili tarehe 27 Desemba 2024: anayefikia umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za mfuko wake uliosajiliwa hulipwa bila kukatwa kodi ya mapato. Anayetoa fedha mapema hapati nafuu hiyo, ila awe ameshikwa na ugonjwa au amekuwa mwanachama kwa miaka 20.

(Nimechagua “kodi” ingawa Wakenya wengi husema “ushuru”, na kodi kwao pia ni ile ya nyumba. “Kodi ya mapato” haimchanganyi mtu.)

Faida ya mchango wa kabla ya kodi huonekana kwenye hesabu. Chukua mwalimu wa shule ya kibinafsi anayelipwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Sehemu ya juu ya mapato yake hutozwa asilimia 30. Akitaka kuweka benki shilingi 10,000 za jasho lake, serikali huchukua 3,000 kwanza, naye huweka 7,000. Akizipeleka kwenye mfuko wa pensheni uliosajiliwa, zote 10,000 huingia, na mshahara anaopeleka nyumbani hupungua kwa 7,000 tu. Riba ya benki nayo hukatwa asilimia 15, ilhali faida ya uwekezaji wa mfuko huo haitozwi. Zile 3,000 basi hukaa zikizaa mwaka hadi mwaka, na mtu mwenye miaka 30 ana muda mrefu wa kuziacha zizae. Makato ya bima ya afya na ya nyumba hayapungui, kwa kuwa hukokotolewa kwenye mshahara wote.

Kuna mpaka. Kinachoondolewa kabla ya kodi hakizidi shilingi 30,000 kwa mwezi, wala asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa kwa pensheni. Mpaka wa zamani ulikuwa 20,000. Mchango wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, unahesabiwa humo humo, kwa hiyo anayetaka kuongeza akiba aanze kwa kuupunguza kwenye mpaka huo. Mwenye kazi yake mwenyewe anayechangia mpango wa mtu binafsi hudai nafuu yake anapowasilisha ritani, mwisho tarehe 30 Juni, akiwa na cheti cha michango kutoka kwenye mpango wake.

Jambo linaloniuma ni jinsi nafuu hii inavyogawanyika. Anayelipwa zaidi ya shilingi 800,000 kwa mwezi huokoa shilingi 35 kwa kila 100 anayoweka ndani ya mpaka. Anayelipwa 24,000 au chini yake haokoi hata senti, kwani nafuu ya binafsi ya 2,400 imekwisha kuifuta kodi yake yote. Mlinzi wa usiku na mpishi wa hoteli ndogo wako kwenye kundi hilo, na ndio watakaofika uzeeni na akiba ndogo kabisa. Hao ningetaka serikali iwaongezee fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao za pensheni, kila mwezi wanapochangia.