Kimbilio Lilikuwa Wapi?

Neno letu la leo latoka katika Zaburi ya 46. Sisi wachungaji huisoma kando ya vitanda vya wagonjwa, na tena kando ya makaburi.

Siku moja, baada ya maziko ya mtoto, mama mmoja alituuliza kwa upole, "Mchungaji, mmetusomea kwamba Mungu ni kimbilio. Usiku ule mwanangu alipokuwa akikata roho, kimbilio hilo lilikuwa wapi?" Hatukuwa na jibu la upesi. Leo na tuwatazame watu wa zamani walioishi na neno hili, huenda wakatusaidia.

Zaburi hii ni ya wana wa Kora, nayo haitaji mwaka wala jina la mfalme. Walakini walimu wengi huisoma pamoja na habari za Hezekia. Mwaka 701 K.K. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliivamia nchi ya Yuda. Kumbukumbu zake, zilizoandikwa juu ya udongo wa kuchomwa, zingalipo hata leo. Humo ajisifu kwamba aliteka miji 46 yenye maboma, na kwamba alimfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Lakini hasemi popote kwamba aliingia Yerusalemu. Adui ametoa ushahidi pasipo kukusudia!

Hezekia alifanya nini? Katika 2 Wafalme 19 twasoma kwamba aliuchukua waraka wa vitisho, akapanda nyumbani kwa Bwana, akaukunjua mbele zake. Aliomba. Lakini pia alichimba. Yerusalemu hauna mto. Una chemchemi ya Gihoni tu, chini bondeni. Watu wake wakautoboa mwamba, kundi moja upande huu na kundi la pili upande ule, mpaka wakasikia sauti za wenzao ndani ya jiwe, wakakutana. Mfereji huo, wenye urefu wa mita 533 hivi, wapitisha maji mpaka Siloamu hata leo, na maandishi yaelezayo kazi hiyo yaligunduliwa ndani yake mwaka 1880. Zaburi yetu yanena juu ya mto uletao furaha katika mji wa Mungu. Hebu fikirini jinsi neno hilo lilivyokuwa tamu kwa mtu aliyejaza mtungi wake huku jeshi likimngojea nje.

Lakini ndugu, tusiishie hapo. Je, watu wa Lakishi? Senakeribu aliagiza kuanguka kwa mji huo kuchongwe katika kuta za jumba lake la Ninawi, na mawe hayo sasa yako katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Humo waonekana baba, mama na watoto wakitoka na mizigo yao kwenda uhamishoni. Nao pia walikuwa watu wa Yuda. Tena, karibu mwaka 586 K.K., Wababeli waliuchoma Yerusalemu wenyewe, pamoja na hekalu. Yeremia alikuwa amekwisha kuwaonya wale waliolitegemea jengo la hekalu kana kwamba ni hirizi.

Hata hivyo Waisraeli hawakuitupa Zaburi hii. Waliitunza, wakaikabidhi kwa watoto wao. Walijua ya kuwa kimbilio lao halikuwa ukuta, bali ni Mungu.

Miaka mingi baadaye, mnamo Agosti 1527, tauni iliingia katika mji wa Wittenberg, Ujerumani. Chuo kikuu kikahamia Jena. Martin Luther alibaki, pamoja na mchungaji mwenzake Bugenhagen, na wagonjwa wakatunzwa nyumbani mwake. Aliandika wakati huo kwamba mchungaji asiwaache watu wake. Lakini alisema pia kwamba dawa zitumiwe, na mtu asijitie hatarini bure. Mkewe Katharina alikuwa mjamzito. Desemba alijifungua binti, Elisabeth. Mtoto huyo alifariki Agosti 1528, kabla ya kutimiza mwaka. Ni katika miaka hiyo hiyo Luther aliutunga ule wimbo wake mashuhuri kutokana na Zaburi ya 46. Twauimba kwa sauti kuu kanisani, tukisahau kwamba mtungaji wake aliujua msiba.

Basi, Zaburi hii yaahidi nini? Haisemi kwamba nchi haitatetemeka. Yasema hata ikitetemeka. Na mara mbili yarudia kwamba Bwana wa majeshi yu pamoja na watu wake. Sisi Wakristo twalijua neno hilo kama jina la mtu: Imanueli. Mathayo aanza Injili yake kwa jina hilo, na kuimaliza kwa ahadi ya Bwana ya kuwa pamoja na wanafunzi wake siku zote. Katikati umesimama msalaba, ambapo Baba alimtoa Mwanawe, na Mwana akakata roho.

Mama, hatuwezi kukuambia kwa nini mtoto wa jirani alipona na wako hakupona. Wala hatutasema uchungu wako si kitu. Lakini kwa ajili ya msalaba huo twathubutu kukujibu: kimbilio lako lilikuwa pale pale kitandani, naye hakuondoka.

Nasi tuliobaki, yatupasa kufanya kama Hezekia na Luther. Tuombe, kisha tuichukue sururu. Yuko jirani mwenye msiba wiki hii. Twende tukakae naye, tumtekee maji, tusiwe wepesi wa maneno.

Na tuombe. Ee Bwana, nchi itikisikapo, tufundishe kutulia mbele zako. Uwe karibu na wote wanaolia usiku huu, nasi utufanye tusiwakimbie. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.