Butiama, kutoka uchifu hadi halmashauri

Wazanaki, wenyeji wa Butiama, hawakuwa na mtawala mmoja kabla ya wakoloni. Wenye sauti walikuwa wazee na waganga wa mvua. Uchifu uliimarishwa na Wajerumani, wakauendeleza Waingereza waliotaka mtu wa kukusanya kodi. Huko Butiama aliyeshika kiti ni Nyerere Burito, mwenye wake 22. Mwanawe Julius, aliyezaliwa mwaka 1922, alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934.

Burito alifariki mwaka 1942, akarithiwa na mwanawe Edward Wanzagi.

Kisha mambo yakageuka, tena kwa mkono wa mtoto wa chifu. Serikali ya Julius Nyerere ilifuta uchifu mwaka 1963, na mwaka 1972 ikazivunja hata halmashauri za wilaya, madaraka yakapelekwa mikoani. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984.

Kwa miaka mingi Butiama ilihesabiwa ndani ya Musoma Vijijini. Wilaya ya Butiama ilianzishwa mwaka 2012. Kwa hiyo Mwalimu Nyerere, aliyezikwa kijijini hapo Oktoba 1999, hakuwahi kuishi katika wilaya yenye jina la kwao.