Usanifu wa mwingiliano

Usanifu wa mwingiliano ni kazi ya kupanga namna mtu anavyotumia chombo cha kidijitali: aone nini kwanza, abonyeze wapi, chombo kimjibu nini, na akikosea arudi vipi. Kile kinachoonekana kwenye kioo, yaani kiolesura, ni sehemu tu ya kazi hiyo. Jina la fani hii lilibuniwa na Bill Moggridge na Bill Verplank katika miaka ya 1980.

Afrika Mashariki

Mfano unaojulikana zaidi ni M-Pesa. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005, yakilenga wateja wa mikopo midogo warejeshe madeni kwa simu. Watumiaji wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007 ikafuata matumizi hayo. Tanzania iliipata mwaka 2008 kupitia Vodacom.

Nchini Tanzania mtumiaji hupiga *150*00# na kuletewa orodha ya maandishi yenye namba, hata kwenye kitochi. Teknolojia hiyo, iitwayo USSD, hairuhusu zaidi ya herufi 182 kwa ujumbe mmoja, tena mawasiliano hukatika mtu akichelewa kujibu. Msanifu hana picha wala rangi; ana maneno machache na mpangilio wake. Neno likiwa gumu, au orodha ikiwa ndefu, muda humwishia mtumiaji.

Kosa la tarakimu moja kati ya kumi za namba ya simu hupeleka fedha kwa mtu asiyejulikana. Ndiyo maana jina la mpokeaji huonyeshwa kabla fedha hazijatoka. Safaricom iliiita hatua hiyo Hakikisha, jina lililochaguliwa vizuri.

Lugha na usomaji

Lugha nayo ni sehemu ya usanifu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo Kiswahili hakimalizi tatizo. Katika kata kama Nyamwaga, wilayani Tarime, Kikurya ndicho lugha ya nyumbani, na mzee asiyesoma humkabidhi mjukuu au wakala simu pamoja na namba yake ya siri. Hapo akiba yake hulindwa na uaminifu wa mtu mwingine, si na mtambo. Ni desturi kumlaumu mzee. Kwa kweli kasoro ni ya orodha iliyotungwa kana kwamba kila mwenye simu anajua kusoma. Maelekezo ya sauti yangemfaa zaidi.

Kasoro za namna hii hugunduliwa kwa jaribio rahisi, ambalo hata wanafunzi wanaweza kulifanya: mtumiaji hupewa kazi moja, kwa mfano kuangalia salio, na msanifu hukaa kimya, akiandika kila mahali anaposita, anaporudi nyuma au anapouliza.