Aliyeipisha Pembe: Jicho la Kipemba Katika Mapambano

Jumapili ya tarehe 9 Aprili 2023, Pemba ilikuwa katikati ya Ramadhani. Watu walikuwa wamekula daku, wamesali alfajiri na kurudi kujilaza. Shabiki wa mapambano ya UFC hakulala. Miami, ambako ilikuwa bado usiku wa kuamkia siku hiyo, Israel Adesanya, mzaliwa wa Lagos aliyehamia New Zealand, alikuwa anaingia kizimbani kumkabili Alex Pereira wa Brazil. Pereira alikwisha kumpiga mara tatu: mara mbili katika mchezo wa ngumi na mateke, 2016 na 2017, na mara ya tatu New York, Novemba 2022, alipomvua mkanda wa uzani wa kati katika raundi ya tano.

Raundi ya pili Adesanya alionekana amekwisha. Alipigwa teke la mguu, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa wavu, akainua mikono kujikinga uso huku Pereira akimimina makonde na goti. Kisha, katikati ya mvua hiyo, mkono wa kulia ukatoka. Ukatoka tena. Pereira akaanguka, na Adesanya akasimama mbele yake akivuta upinde usiokuwepo na kumtupia mishale mitatu ya hewani. Baadaye alieleza kwamba alimvuta kwa makusudi, alimwachia ajione ameshinda.

Kwa mtazamaji wa Pemba, hilo ndilo pambano la kukumbukwa. Si kwa sababu Pereira alizimika, maana watu wanaozimika katika UFC wako kila wiki. Ni kwa sababu ya zile sekunde chache za wavuni, pale mtu alipoikaribisha hatari hadi ikamgusa shati, akaipisha. Ladha hiyo haikuletwa na televisheni. Kisiwa hiki kimekuwa na uwanja wake wa mapambano kwa vizazi, na uwanja huo umewafunza watu namna ya kutazama.

Uwanja wenyewe ni wa ng'ombe. Kengeja, Pujini, Chwale na vijiji vingine vimejulikana kwa mchezo huu, ambao huchezwa zaidi wakati wa joto la kaskazi, kuanzia Disemba hadi Februari, kabla masika haijaingia. Zamani ulihusishwa pia na kuomba mvua pale ukame unapozidi. Mgeni anayesikia habari zake kwanza humfikiria Mhispania mwenye suti ya kumetameta na upanga. Afute picha hiyo. Uwanja ni sehemu ya wazi ya kijiji, jukwaa ni ardhi na matawi ya miembe, na mchezaji hana upanga, hana mkuki, hana hata fimbo ya maana. Ana kitambaa cheupe na miguu yake miwili.

Ng'ombe ni dume la kienyeji lenye nundu, limefungwa kamba ndefu. Ngoma zinapigwa, zumari linalia, kinamama waliovaa vizuri wanaimba. Dume hilo halikuzoea kelele kama hizo na halizipendi. Mchezaji husogea, hupunga kitambaa, hurudi, husogea tena. Mtazamaji mzoefu wala hatazami kitambaa. Anatazama kichwa cha ng'ombe. Kikiinama na nundu ikapanda juu yake, safari imeanza, na hapo mchezaji ana nafasi moja tu ya kuamua. Akiondoka mapema, ng'ombe atakuwa bado anaona na atageuza njia amfuate. Akichelewa, atachomwa. Anayejua kazi husubiri mpaka mnyama amekwisha kujitupa kwa uzito wake wote, ndipo anazungusha kiuno na pembe inapita. Kelele zinazolipuka hapo hazina tofauti na za goli la dakika ya 90.

Asiyejua kazi hukimbilia mwembeni, na mti huo tayari umejaa watoto wanaomcheka.

Jua likishuka, mchezo huisha na ng'ombe hurudi kwa mwenyewe. Hauawi. Dume lililosumbua wachezaji hupata sifa, hutajwa barazani miezi kadhaa baadaye, na mwenye mali hutembea kifua mbele kuliko hata mchezaji aliyelikwepa. Katika mapambano ya aina nyingine, upande mmoja lazima uondoke umedhalilika. Hapa wote wawili wanaweza kuondoka na heshima yao, binadamu kwa wepesi wake na ng'ombe kwa ukali wake.

Umetoka wapi mchezo huu? Ukiuliza, utajibiwa upesi: kwa Wareno. Jibu hili limo katika vitabu vya watalii na midomoni mwa wazee, na lina sura ya ukweli. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na Wareno walikuwa na mkono wao Pemba, kwa vipindi na kwa ugomvi, hadi nguvu zao upande huu zilipovunjwa na Waomani walioiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Ureno ni nchi ya michezo ya ng'ombe, na tofauti na Hispania, sheria ya huko ilikataza mwaka 1928 kumuua ng'ombe uwanjani. Yapo mambo ya karibu zaidi. Katika kisiwa cha Terceira, kwenye funguvisiwa la Azores la Ureno, ng'ombe hufungwa kamba ndefu inayoshikwa na wanaume, kisha huachiwa mitaani huku vijana wakimchokoza na kumkwepa. Kisiwa, dume, kamba, kijiji kizima nje: Mpemba akipelekwa huko atahitaji dakika tano tu kuelewa kinachoendelea.

Hata hivyo, hoja ya Wareno ina tundu. Mombasa walikaa kwa muda mrefu, wakajenga ngome kuanzia mwaka 1593, wakaacha mizinga na kuta, lakini Mombasa haisifiki kwa mchezo wa ng'ombe. Oman nako walikaa. Waliishika Muscat tangu 1507 hadi 1650, na pwani ya Batinah, hasa Barka, ina mchezo wa ng'ombe mpaka leo. Ila kule madume mawili hupambanishwa yenyewe kwa yenyewe, vichwa kwa vichwa, na binadamu kazi yake ni kushika kamba na kushangilia. Waomani nao husema mchezo huo waliachiwa na Wareno. Kakamega, magharibi mwa Kenya, Waluhya wanapambanisha mafahali kwa ari kubwa, na hakuna Mreno aliyewahi kufika huko kuwafundisha. Mtu yeyote anayefuga dume na ana siku ya mapumziko anaweza kuvumbua mchezo. Mreno huenda alileta cheche. Lakini zumari, nyimbo za kinamama, dua ya mvua na utaratibu wa kumrudisha mnyama zizini akiwa mzima ni vya Pemba yenyewe, na ni vigumu kuona kwa nini sifa yote apewe baharia.

Wala ng'ombe si mwalimu pekee. Kuna kirumbizi, ngoma ya fimbo inayochezwa Pemba na Lamu, ambamo wanaume wawili huingia duarani na kupigana kwa mdundo. Fimbo hushuka kweli, na asiyejua kukinga huondoka na uvimbe. Lakini anayesifiwa ni yule anayekinga kwa madaha bila kupoteza mdundo, mguu ukifuata ngoma huku mkono ukijiokoa.

Haya yote yalibaki hai katika miaka ambayo ulingo wa ngumi ulikuwa mwiko Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964, chini ya Mzee Abeid Amani Karume, ndondi zilipigwa marufuku visiwani, na katazo hilo likadumu kwa karibu miaka 60. Kijana wa Wete au Mkoani aliyetaka kuwa bondia ilimbidi avuke bahari. Kutazama, lakini, hakukatazwa, na kusikiliza redio seuze.

Ndiyo maana wazee wa visiwani wanaweza kuzungumzia Kinshasa ya tarehe 30 Oktoba 1974 kama watu waliokaa viti vya mbele. George Foreman alikuwa na miaka 25, ameshinda mapambano 40 bila kupoteza hata moja, na mwaka uliotangulia alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, na wengi waliogopa angeuawa. Ali akaegemea kamba, akajikunja, akamwachia Foreman apige mikono na mbavu mpaka pumzi ikamwishia. Raundi ya nane akamshusha. Wachambuzi wa Ulaya na Marekani wameandika kwa miongo kadhaa jinsi mbinu hiyo ilivyowashangaza. Kwa mtu aliyekulia Kengeja haina ajabu kubwa: dume limejitupa, limechoka, limepitishwa. Kinachomshangaza zaidi ni kwamba Foreman mwenyewe hakuwa na mtu wa kumshikia kamba.

UFC ilipozaliwa Denver tarehe 12 Novemba 1993, ilikuja na swali la kitoto: bondia, mwanamieleka na mtu wa karate wakifungiwa pamoja, nani atatoka mzima? Bondia Art Jimmerson aliingia na glovu moja tu mkononi, jambo ambalo bado huwavunja watu mbavu. Aliyetoka na ushindi alikuwa Royce Gracie wa Brazil, mwembamba kuliko wengi wao, aliyewashinda watu watatu usiku mmoja karibu bila kurusha ngumi ya maana. Aliwakumbatia, akawalaza chini, akawakaba mpaka wakagonga kuomba msamaha. Pambano lake na Ken Shamrock usiku ule lilikwisha chini ya dakika moja. Ni la kihistoria, hilo halina ubishi, lakini si la kupendeza. Ukweli usemwe: mieleka ya chini bado haijapata mashabiki wengi katika vibanda umiza vya kwetu. Wawili wakilala sakafuni dakika nne, watu huanza kudaiana pesa za chai.

Pambano ambalo lingeweza kuonyeshwa uwanjani Pujini bila maelezo ni la Anderson Silva na Forrest Griffin, Philadelphia, tarehe 8 Agosti 2009. Silva, bingwa wa uzani wa kati, alipanda uzani kukutana na mtu mkubwa kuliko yeye aliyewahi kuwa bingwa wa uzani huo. Akashusha mikono. Griffin alirusha ngumi moja, ya pili, ya tatu, na kila moja ikapita hewani kwa upana wa kiganja, kichwa cha Silva kikiyumba kushoto na kulia kama nazi juu ya mawimbi. Kisha Silva, akiwa anarudi nyuma, akamgusa kwa mkono mmoja na Griffin akakaa chini. Raundi ya kwanza haikuisha. Ukitaka kumfahamisha mtu asiyejua lolote kuhusu mchezo huu kwa nini wengine wanaupenda, mwonyeshe hilo kwanza.

Francis Ngannou ni hadithi ya upande wa pili, upande wa dume. Kijana wa Batié, Cameroon, aliyechimba mchanga tangu utotoni, alimpiga Alistair Overeem konde la chini kwenda juu Detroit, Disemba 2017, kiasi kwamba watu walishika vichwa vyao wenyewe. Mwezi uliofuata, Boston, akajitupa kwa Stipe Miocic kwa nguvu zilezile, Miocic akampisha, na kufikia raundi ya tatu Ngannou alikuwa anahema kwa mdomo wazi. Akapoteza kwa pointi. Machi 2021 walirudiana Las Vegas. Safari hii Ngannou alisubiri, akapima, akajikinga asiangushwe, na raundi ya pili akamaliza kazi. Wanaomshabikia huutaja usiku wa Overeem. Wenye jicho huutaja wa Miocic wa pili.

Nyumbani, jina linalogawa baraza ni la bondia Hassan Mwakinyo. Ni mtoto wa Tanga, na Tanga ni jirani wa Pemba kwa chombo na kwa udugu, kwa hiyo visiwani huhesabiwa kama wa nyumbani. Tarehe 8 Septemba 2018 alikwenda Birmingham akiwa mpinzani wa kuitwa dakika za mwisho, akamkuta Sam Eggington mbele ya mashabiki wake, akamsimamisha raundi ya pili. Serikali ya Rais Hussein Ali Mwinyi wa Zanzibar ilipokwisha kuzifungulia ndondi mlango, bondia Karim Mandonga alipanda ulingoni Unguja Agosti 2023, na Januari 2024 Mwakinyo mwenyewe akamshinda Mbiya Kanku wa Congo katika Uwanja wa Amaan.

Ubishi hauko kwenye ushindi huo. Uko Liverpool, Septemba 2022, Mwakinyo alipokutana na Liam Smith. Raundi ya nne alipiga goti, hakuendelea, na baadaye alieleza kwamba mizigo yake haikufika kwa wakati na viatu alivyovaa havikuwa vyake. Kundi moja linasema bondia hapaswi kupanda ulingoni na viatu vya kuazima, na akishapanda, basi apigane navyo. Kundi la pili linajibu kwamba mguu ndio kila kitu. Mchezaji ng'ombe akiteleza hangoji pembe imfikie ili aonekane shujaa, anapanda mti, na kesho anarudi. Kundi la kwanza linakubali habari ya mti, lakini linauliza kwa nini basi hakuujaribu uwanja kabla ya kuingia.